Waacheni waulize: barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu ya sekondari

Kwa: Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Waziri wa Nchi anayesimamia TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Kamishna wa Elimu, Taasisi ya Elimu Tanzania, maafisa elimu wa mikoa na halmashauri, wathibiti ubora wa shule, na wakuu wa shule za sekondari Tanzania Bara.

Yah: Wanafunzi kushiriki mijadala darasani

Waheshimiwa,

Shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine habari za kazi.

Mmewahi kutembelea madarasa yetu, kwa hiyo haya mnayajua. Mnaingia, wanafunzi wanasimama kwa mpigo mmoja, wanawaamkia, wanakaa. Mwalimu anaendelea na somo. Kila baada ya dakika chache anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitika, "Ndiyooo!" Kipindi kikikaribia kwisha anauliza, "Kuna swali?" Linaitika vilevile, "Hakunaaa!" Mnasaini kitabu cha wageni, mnaandika kwamba nidhamu ni nzuri, mnaondoka.

Nidhamu ile mimi naiogopa. Ndani ya darasa lile wamo ambao hawajaelewa hata kichwa cha somo, na wenyewe wanajua kwamba hawajaelewa. Wamejifunza tangu darasa la kwanza kwamba jibu salama ni lile linalotolewa na wote kwa pamoja, na kwamba anayeinua mkono peke yake anajitafutia makubwa. Ninafundisha Historia katika sekondari ya kata, na katika kazi hii hakuna kinachonichosha kama ukimya huo. Si vipindi vingi, si madaftari ya kusahihisha. Ninaamini pia kwamba ukimya huo watoto hawakuzaliwa nao. Tumewapa sisi, kwa utaratibu tunaoujua, na kwa sehemu kubwa utaratibu huo unasimamiwa na ninyi.

Nianze na jambo ambalo mtaala mpya umetufunulia, pengine bila kukusudia. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili hata sekondari. Historia yenyewe, Jiografia, Baiolojia na karibu mengine yote yamebaki kwenye Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mwalimu anaweza kuingia darasa moja asubuhi kwa Kiingereza na kurudi mchana kwa Kiswahili: wanafunzi walewale, madawati yaleyale, mwalimu yuleyule. Kama mngetaka kufanya utafiti wa kujua nani kawafunga midomo watoto wetu, msingeweza kuupanga vizuri kuliko hivyo.

Niwape mfano wa kipindi kimoja cha Kiswahili. Tulikuwa kwenye Vita vya Maji Maji. Nilikuwa nimeeleza kwamba vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima; kwamba Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji waliyoamini yangezuia risasi; na kwamba Wajerumani walimnyonga mapema Agosti mwaka huohuo. Binti mmoja akainua mkono. "Mwalimu, samahani. Kama Kinjekitile amenyongwa Agosti 1905, na watu wameshaona kwamba risasi zinaua, kwa nini waliendelea kupigana mpaka 1907?"

Hilo si swali la mtoto. Wanahistoria waliosoma mpaka wakazeeka wamebishana juu ya hilohilo: dawa ilikuwa na uzito gani, na uchungu wa pamba na kodi na viboko vya maakida, watumishi wa utawala wa Wajerumani, ulikuwa na uzito gani. Sikulijibu. Niliuliza nani ana la kusema. Kijana wa nyuma akasema labda Wangoni walikuwa na kisasi chao na Wajerumani, maji yalikuwa kisingizio tu. Mwingine akasema, "Naomba kutofautiana na mwenzangu, maana Wamatumbi ndio walioanza na hawakuwa na ufalme wa kurudisha." Wa tatu, mtoto asiyesikika kamwe, akasema mtu akishang'oa pamba ya Mjerumani hana tena pa kurudi, akirudi nyumbani atanyongwa, basi bora apigane. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye dawati la mbele nasikiliza. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyemkatiza mwenzake zaidi ya mara moja mbili, na kengele ilipolia walitoka wakibishana.

Binti huyohuyo, kwenye kipindi cha Kiingereza kuhusu Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, huangalia dawati. Nikimtaja jina anasimama, anaanza sentensi, anakwama kwenye neno la tatu, nyuma wanacheka, anakaa. Akili ni ileile iliyouliza lile swali. Mwalimu asiyemjua akija kumpima kwa kipindi hicho ataandika kwenye ripoti kwamba ni mzito wa kuelewa.

Sifungui upya mjadala wa lugha ya kufundishia. Mjadala huo una umri mkubwa kuliko walimu wengi walio kazini: Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zihamie Kiswahili, serikali ikakataa, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote, na tukabaki palepale tulipokuwa. Hayo mtaendelea nayo huko juu. Mimi naomba jambo dogo lisilohitaji sera mpya wala kitabu kipya: waraka unaosema waziwazi kwamba katika masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza, wanafunzi wanaruhusiwa kujadiliana kwa Kiswahili, kisha wakaandika na kuwasilisha walichokubaliana kwa Kiingereza. Walimu wengi tunafanya hivyo tayari, ila tunafanya kwa kuchungulia dirishani tusije tukakutwa. Nataka tufanye mlango ukiwa wazi.

Najua hofu iliyopo, kwamba Kiingereza kitashuka. Kitashuka kutoka wapi? Mtoto aliyekaa miaka minne bila kutamka sentensi nzima ya Kiingereza mbele ya wenzake, kwa kuogopa kuchekwa, hicho Kiingereza tunachomlindia hana. Aliyefikiri kwanza kwa lugha anayoiweza, akajua anachotaka kusema, ndiye anayetafuta maneno ya Kiingereza ya kukisemea. Na zile shule zinazomtoza faini au kumchapa mwanafunzi kwa kusema Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili, naomba muziambie ziache. Mtoto wa Kitanzania kuadhibiwa Tanzania kwa kusema lugha ya Taifa ni jambo ambalo hata kulieleza mbele ya mgeni ni aibu.

Kicheko nilichokitaja hapo juu kinastahili kuzungumzwa zaidi, maana nyaraka zenu huzungumzia adhabu na mimba na utoro, kicheko hakimo. Lakini waulizeni wanafunzi wenyewe wanaogopa nini darasani. Wengi hawatawatajia fimbo, watawatajia kuchekwa. Anayeuliza mara mbili ni kiherehere. Anayejibu kwa kirefu ni mjuaji. Msichana akibishana na mvulana mpaka akamshinda, jina atakalopewa siliandiki hapa. Na mara nyingi mwalimu naye anacheka, au anatia neno: "Haya, msomi wetu huyo." Hana nia mbaya, anataka kulichangamsha darasa. Aliyesimama harudii tena kusimama muhula mzima. Nimeona pia walimu wanaompa adhabu anayecheka kwa kumwambia asimame yeye sasa ajibu. Haifai hata kidogo, kwa sababu darasa zima linajifunza kwamba kujibu ni adhabu.

Nije kwenye fimbo, nisije nikaonekana naikwepa. Sheria yenu wenyewe ipo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu, zinasema adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye kitabu maalumu. Hakuna mahali panaposema mwanafunzi achapwe kwa kukosa jibu. Hata hivyo kila anayefanya kazi shuleni amemwona mwalimu akiingia na fimbo mkononi pamoja na chaki, akiuliza maswali ya jana, na kila asiyejua akinyoosha kiganja. Mwalimu huyo akimaliza anauliza, "Kuna swali?" Nani atauliza? Swali ni kukiri kwamba kuna kitu hukijui, na dakika tano zilizopita mtoto ameona kutojua kunalipwa nini.

Mimi binafsi ningependa fimbo iondoke kabisa shuleni, lakini najua wazazi wengi na walimu wengi hawako upande wangu, na sitaki barua hii ife kwa ajili ya ugomvi huo. Naomba tu mtekeleze mlichoandika. Mthibiti ubora akifika shuleni, pamoja na andalio la somo na azimio la kazi, aombe na kile kitabu cha viboko. Shule ambayo kitabu chake kina kurasa nyeupe wakati kila mwalimu anatembea na fimbo iandikwe hivyo kwenye ripoti.

Sasa pingamizi kubwa, ambalo nimelisikia kwenye vikao vya wazazi, kwenye ofisi ya walimu na hata kanisani: tukiwazoesha watoto kubishana na mwalimu, tunalea watovu wa adabu. Tazama vijana wa mitandaoni wanavyotukana watu wazima. Tunataka na huku darasani waanze?

Pingamizi hili nalichukua kwa uzito, kwa sababu linatoka kwa watu wanaowapenda watoto wao. Lakini wale vijana wa mitandaoni wametoka wapi? Wametoka kwenye madarasa yetu ya "Ndiyooo". Walikaa miaka kumi na zaidi bila kufundishwa hata mara moja namna ya kumwambia mkubwa kwamba hukubaliani naye ukabaki na adabu yako. Siku walipopata mahali pa kusemea bila mwalimu wa zamu, walisema kwa njia pekee waliyoijua. Adabu ya kubishana hufundishwa kwa kubishana, mbele ya mtu mzima anayesahihisha: hapana, usimkatize; hapana, umemshambulia mtu, rudi kwenye hoja; haya, endelea.

Wala adabu hiyo hatuhitaji kuiagiza ng'ambo. Washairi wetu walijibizana magazetini kwa miongo mingi, mmoja akiuliza kutoka Tanga, mwingine akijibu kutoka Songea, na walikuwa wakali kwelikweli. Lakini ukali ule ulikuwa na taratibu zake. Anayejibu huanza kwa salamu, humtaja mwenzake kwa heshima, hulitaja swali lake kabla ya kulivunja, na mara nyingi hujifunga kufuata mizani na vina vilevile alivyotumia aliyeuliza. Huwezi kumjibu mtu kwa vina vyake kama hujamsoma vizuri. Kwenye mikutano yetu ya kijiji nako, mzee anayetaka kupinga husimama akasema, "Mwenyekiti, naomba nitofautiane kidogo na mzungumzaji aliyepita," na hicho "kidogo" mara nyingi ni kupinga kila kitu. Watoto wetu wanayasikia haya majumbani na vibarazani. Wakivuka geti la shule tunawaambia wayaache nje.

Na wanahitaji kuyajua mapema kuliko tunavyofikiri. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Wengi wa wanaohitimu kidato cha nne wana umri huo au umebaki mwaka mmoja. Aliyekuwa anaitika "Hakunaaa" mwezi wa kumi, mwaka unaofuata anakaa kwenye mkutano unaojadili ardhi ya kijiji chake na mapato na matumizi, na mwenyekiti akiuliza kama kuna swali, anajua jibu lake.

Mtasema madarasa yamejaa. Ni kweli yamejaa. Uwiano ulioandikwa ni wanafunzi 40 kwa darasa moja. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, wengi wetu hatujawahi kuuona uwiano huo, na kipindi ni dakika 40. Ukimpa kila mmoja dakika moja, kipindi kimekwisha hujafundisha. Kwa hiyo sisemi kila mtoto asimame ahutubie. Nitaeleza ninavyofanya, si kwa kuwa ni njia bora kuliko zote, ila kwa kuwa inawezekana kwenye darasa lililojaa na haigharimu shilingi.

Nauliza swali moja ambalo halina jibu moja. Halafu nanyamaza. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa mwalimu, kunyamaza. Tukikosa jibu kwa sekunde tatu tunajibu wenyewe na kuendelea. Nahesabu moyoni polepole mpaka kumi. Kisha wanazungumza dawati kwa dawati, wawili au watatu, dakika mbili, kwa Kiswahili. Baada ya hapo nachagua majina kwa kubahatisha kwenye kitabu cha mahudhurio, wasichana na wavulana, na niliyemchagua hasemi mawazo yake. Anasema alichosema jirani yake. Jirani anathibitisha: ndivyo, au sivyo, sikusema hivyo. Utaratibu huu una faida mbili nisizozitegemea. Mwoga anapata kusikika bila kusimama mwenyewe. Na yule anayependa kusema sana, ambaye kila darasa linaye, analazimika kusikiliza kwanza, kwa kuwa hajui kama jina litakalosomwa ni lake.

Atakayetaka kupinga, anaanza kwa kurudia hoja anayoipinga mpaka mwenyewe akubali kwamba ameielewa. Wiki za mwanzo zoezi hili linakera, wanaligeuza mzaha. Baadaye linageuka mazoea, na mara nyingi mtu akimaliza kurudia hoja ya mwenzake anajikuta hana tena cha kupinga, au kimebaki kidogo na anakisema kwa sauti ya kawaida.

Kuna siku mwanafunzi atamsahihisha mwalimu. Litatokea tu, kwa kuwa vitabu vina makosa na sisi tuna makosa. Walimu wengi wanaiogopa siku hiyo, na nafahamu kwa nini. Lakini nimeona kwamba mwalimu akisema, "Ngoja niangalie, nitawajibu kesho," kisha kesho yake akajibu kweli, hapotezi kitu mbele ya darasa. Anayepoteza ni yule aliyesema huo ni utovu wa nidhamu, maana wanafunzi wote walishaona nani alikuwa sahihi.

Haya yote yanawahusu walimu, na mtauliza kwa nini nawaandikia ninyi badala ya kuwaandikia wao. Nawaandikia ninyi kwa sababu ya namna mnavyoongea na walimu.

Mwalimu anaitwa kwenye kikao cha tathmini ya matokeo. Mbele wamekaa viongozi. Shule zinasomwa kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, na mkuu wa shule ya mwisho anasimamishwa ajieleze mbele ya wenzake. Akijieleza anaambiwa asilete visingizio. Halafu linaulizwa lile swali: kuna mwenye swali? Ukumbi mzima, watu wazima wenye shahada, unanyamaza. Tumeona pia viongozi wakifika shuleni na kumfokea mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Hata barua hii, nimeiandika bila kutaja shule wala halmashauri yangu, na sidhani kama kuna mmoja wenu atakayeshangaa kwa nini. Mtu aliyefundishwa kunyamaza na wakubwa wake atawafundishaje wadogo zake kusema? Anawapa alichopewa. Ukimya unashuka kama maji, kutoka kwenye ukumbi wa halmashauri mpaka dawati la nyuma la kidato cha kwanza.

Kwa hiyo ombi langu la pili, baada ya lile la waraka wa lugha, ni la kwenu binafsi. Tunao mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambao lengo lake ni walimu kukaa pamoja shuleni na kujadili ufundishaji wao. Ni mpango mzuri. Mahali pengi umegeuka kikao cha kusomewa maelekezo na kusaini mahudhurio. Maafisa elimu wa kata na halmashauri waje kwenye vikao hivyo wakae nyuma, wasikilize, na wakiulizwa swali wasilolijua waseme hawalijui. Walimu wakishaona jambo hilo kwa macho yao, nusu ya kazi ninayoiomba itakuwa imefanyika bila semina.

Ombi la tatu ni kwa wathibiti ubora. Mkikaa nyuma ya darasa mnaangalia kama andalio la somo lipo, kama zana zipo, kama ubao umegawanywa. Naomba muongeze jambo moja: andikeni wanafunzi wangapi tofauti wamesema sentensi nzima ndani ya kipindi, wangapi kati yao wasichana, na mangapi kati ya maswali yaliyoulizwa yameulizwa na mwanafunzi. Kuitika kwa pamoja kusihesabiwe. Mtashangaa jinsi namba hizo zitakavyokuwa ndogo hata kwenye shule zinazoongoza mkoa. Na zitakapoanza kuonekana kwenye ripoti, wakuu wa shule watazifuatilia, maana sote tunajua kinachoandikwa kwenye ripoti ndicho kinachofanywa.

Mtu anaweza kusema basi tuweke alama za mtihani kwa kuzungumza. Ni kweli kwamba mitihani ya Kiswahili na Kiingereza ya kidato cha nne humpima mtoto kwa karatasi tu. Lakini siombi alama. Nawajua Watanzania wenzangu: siku mtakayoweka alama za kujadiliana, wiki ileile zitauzwa mtaani karatasi za "maswali na majibu ya mjadala", na watoto watakariri namna ya kutokubaliana. Afadhali jambo hili libaki bila alama.

Sheria haiwapingi katika lolote kati ya haya. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema hivyo kwenye ibara ya 12. Na kabla ya hizo zote, Machi 1967, waraka wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea ulitaja mambo matatu ambayo elimu yetu ingepaswa kuyajenga kwa kila mwananchi, na la kwanza kabisa lilikuwa akili ya kudadisi. La pili, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa au kurekebisha walichokifanya. La tatu, kujiamini kwa mtu aliye huru na sawa na wenzake. Tunaupigia makofi waraka ule kila Oktoba. Sina hakika wangapi wetu tumewahi kuufundishia kwa namna unavyotaka ufundishiwe. Mimi nilikaririshwa yale mambo matatu nikiwa sekondari, nikapata alama zote, na hakuna aliyeniuliza kama nakubaliana nayo.

Mabaraza ya wanafunzi sitayasemea sana. Yapo, yana viongozi na katiba, na mahali pengi kazi yake ni kupokea matangazo ya ofisi. Yakiruhusiwa kujadili chakula na ratiba kwa kweli, na kupewa majibu hata kama jibu ni hapana, yatatosha kuwa shule nzuri ya jambo hili.

Nikiulizwa lianzie wapi, ningesema kidato cha kwanza, kwenye zile wiki za mwanzo za kozi ya awali ya Kiingereza. Kwa sasa wiki hizo zinakwenda kwenye kukariri nyakati za vitenzi. Mtoto ametoka msingi, alikokuwa akisoma kwa Kiswahili, hajui mtu, anaogopa kila kitu. Ni wakati huohuo anapoamua kama shule hii ni mahali pa kusema au pa kunyamaza. Taasisi ya Elimu inaweza kuongeza humo vipindi vichache vya kujadiliana: namna ya kuuliza, namna ya kuomba ufafanuzi, namna ya kupinga, namna ya kusikiliza, kwa Kiswahili kwanza kisha kwa Kiingereza. Januari wanafunzi wapya wataripoti. Waraka ukitoka kabla ya Novemba, wakuu wa shule watakuwa na muda wa kuuweka kwenye ratiba, na mimi niko tayari kuandaa vipindi hivyo pamoja na walimu wengine wa masomo ya jamii na lugha, bila posho.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Historia, sekondari ya kata